Mgeni kapoteza funguo usiku, hataki kulipa, na kesho naingiza mgeni mwingine

ChumbaChaJuu anauliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa haraka. Ule wa taratibu nitausoma kichwa kikishatulia.

Nina nyumba ndogo ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, naipangisha kwa siku kupitia mtandao. Mgeni aliyemo sasa aliomba nafasi ya watu wawili, wakaja wanne. Nilipouliza, akasema wale wengine "wanapita tu". Kweli wamepita: wamepita mlangoni, wakafika sebuleni, wakalala hapo. Nikanyamaza, maana walikuwa watulivu.

Jana usiku wa manane simu ikaita. Wako nje, funguo hazionekani. Nikaamka, nikaenda na funguo za akiba, nikawafungulia. Nikiwa bado nahema kwa ajili ya ngazi, mgeni ananieleza kwamba kosa ni langu: kitasa ni kigumu, na kishikio cha funguo ni kidogo mno, "mtu yeyote angekipoteza". Nimesikia visingizio vingi kwenye kazi hii lakini hiki nimekipenda.

Kishikio chenyewe ni kipande cha ngozi nyeusi. Hakina jina, hakina namba ya nyumba, hakina anwani. Kilikuwa na funguo mbili, ya mlango wangu na ya lango la chini ambalo wakazi wote wa jengo wanalitumia. Hiyo ya pili ndiyo inayoninyima raha.

Asubuhi nikamwandikia kwa upole kwamba gharama ya kubadilisha ataibeba yeye, kama kanuni za nyumba zinavyosema. Akajibu: ukinidai hata senti moja nakupa nyota moja, tena nirudishie hela ya usiku mmoja kwa usumbufu. Meseji ninayo. Anatoka kesho saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri anaingia mama mmoja anayesafiri na mtoto.

Sasa niambieni. Nachongesha ufunguo mwingine tu au nabadilisha kitasa? Lango la jengo nalifanyaje, nimwambie msimamizi au nisubiri kwanza labda zitaonekana? Huyu bwana namdai vipi bila kuingia naye kwenye matusi? Na tafadhali, asije mtu akaniambia niweke kitasa cha betri. Sina ugomvi na maendeleo, ila nataka mlango ambao ukiharibika naweza kumwita fundi na siyo mtu wa kompyuta.

Fundi_wa_Milango:

Pole dada. Ugomvi uweke pembeni hadi kesho jioni, kwa sasa tafuta bisibisi.

Kuchongesha tu hakutoshi. Hujui funguo ziko wapi. Huenda ziko chini ya kiti cha teksi, huenda ziko mfukoni mwa mmoja wa hao wapita njia wako. Mama anayeingia kesho hahusiki na nani mkosaji kati yenu. Yeye analala na mtoto nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu asiyejulikana. Kwa hiyo badilisha, awe atalipa au hatalipa.

Ila usiuziwe kitasa kizima. Tazama tundu la ufunguo: kama ni duara juu na mkia mrefu chini, unayo silinda ya kuchomoa, yaani kile kipande ufunguo unamoingia, na ndiyo peke yake inayobadilishwa. Fungua mlango, angalia ukingo wake pale ulimi wa kitasa unapotokea. Usawa wa tundu la ufunguo kuna skrubu moja ndefu. Itoe yote, zile nyingine ni za kitasa, ziache. Chomeka ufunguo, uzungushe kidogo sana huku ukivuta. Silinda ikigoma, ujue kile kijino cha katikati kimejitokeza pembeni. Zungusha taratibu mpaka kijifiche ndani ya mwili wa silinda, itateleza yenyewe. Na wakati iko mkononi mwako usiuachie mlango ujifunge! Nimeshaitwa kwa kazi ya namna hiyo, mwenye nyumba amesimama nje na silinda yake kiganjani.

Kabla ya kwenda kununua, pima. Kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi ncha ya nje, halafu hadi ncha ya ndani. Namba ni mbili na si lazima zilingane: kuna 30 kwa 30, kuna 35 kwa 45, zote milimita. Ncha ya nje isitokeze zaidi ya milimita 3 kwenye bamba la mlango. Silinda inayochungulia ndiyo mwizi anaibana kwa koleo na kuivunja pale katikati, kwenye tundu la skrubu, maana hapo ndipo pembamba.

Nunua yenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono upande wa ndani. Kwanza ni kwa ajili ya moto. Mgeni hapaswi kutafuta ufunguo gizani ili atoke nyumbani, hata siku moja. Pili, kwenye silinda nyingi za kawaida mtu akiacha ufunguo upande wa ndani, wewe wa nje na funguo zako za akiba huingii. Zipo zinazokubali kufunguka hata hivyo, ila uliza waziwazi dukani, usikisie kwa macho.

Nunua mbili za kipimo kimoja. Moja ifunge kesho, nyingine iweke kabatini na funguo zake zikiwa bado kwenye pakiti. Ufunguo ukipotea tena hutatafuta duka wala fundi. Hii ya zamani usiitupe, ipeleke kwenye mlango wa stoo. Kwenye mlango wa wageni usiirudishe hata funguo zikionekana, kwa sababu ufunguo uliotembea unaweza kuwa umeacha pacha njiani. Ukitaka kupunguza hofu hiyo, kuna silinda ambazo ufunguo wake hauchongwi bila kadi ya mwenye mali. Ni ghali zaidi, lakini kwa nyumba inayopokea watu kila wiki naona zinafaa.

Jambo la mwisho na usinichukie. Mgeni kasema kitasa ni kigumu. Anaweza kuwa mjeuri na akawa anasema kweli. Funguo zako zilichongwa kutoka ufunguo wa asili au nakala ya nakala? Kila nakala inabeba kasoro ya iliyotangulia na kuongeza yake. Pini ndani ya silinda zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja ndipo izunguke, na tofauti ndogo sana inatosha kumfanya mtu ahangaike mlangoni. Ufunguo wa asili ufiche, uwe mama wa nakala zote. Na kikikauka kitie unga wa grafiti. Mafuta mazito yanakusanya vumbi na kugeuka gundi.

Kisanduku77:

Najua umekataa betri lakini nitasema kidogo. Kitasa cha namba hakina cha kupotea, na kila mgeni anapewa namba inayokufa saa yake ya kutoka ikifika. Betri hukuonya mapema, na vingi vina mahali nje pa kugusisha betri ya volti 9 zile za ndani zikiisha. Fikiria.

ChumbaChaJuu:

Nimefikiria. Hapana. Labda kisanduku cha funguo cha ukutani, niweke seti ya akiba nisiamshwe tena. Wewe jina lako linaonyesha unavijua.

Kisanduku77:

Haha, hapo umenipata. Basi sikiliza hili, wengi hawalijui. Vile vya kubonyeza vitufe, vingi havijali mpangilio, na kitufe kimoja hakitumiki mara mbili. Ukiweka 2-5-8-9, hata 9-8-5-2 inafungua. Kwa vitufe kumi, ukichagua namba nne, michanganyiko yote ni 210. Mtu mwenye subira anaimaliza kabla hajachoka. Vile vya magurudumu manne vina 10,000. Ukichukua cha vitufe basi tumia namba tano, na kila mgeni akitoka badilisha. Vitufe navyo huchakaa, vile vinavyobonyezwa kila siku vinang'aa kuliko wenzake na kumwambia mwizi kila kitu.

Seti ya akiba usiiweke kwenye kisanduku kilekile cha kukabidhia. Kiwe cha pili, mahali pengine, na namba yake mgeni aipate kwa kukupigia tu. Ndiyo, bado utaamshwa. Lakini hutapanda ngazi.

Bi_Kanuni:

Fundi amemaliza ya mlango, mimi niseme ya mtu. Nasimamia nyumba za watu kadhaa na wageni wa namna hii nawapata.

Kupoteza ufunguo si ubaya. Watu wazuri hupoteza funguo. Ubaya wa huyu ni ile meseji ya nyota moja, na kwa bahati yako ameiandika. Usiijibu kwa hasira, tena usiijibu kabisa ile sehemu ya tishio. Kama umempangisha kupitia Airbnb, lile jukwaa la mtandaoni la kupangisha nyumba, kutumia tathmini kumlazimisha mwenyeji arudishe hela ni kinyume cha sera yao. Wapelekee sasa hivi, kabla hajaandika chochote. Ukilalamika baada ya nyota kutua utaonekana unajitetea. Majukwaa mengine mengi nayo yana kanuni ya namna hiyo, soma ya kwako.

Mazungumzo yote yabaki ndani ya jukwaa. Akikupigia, ongea vizuri, halafu mwandikie: "Kama tulivyoongea kwenye simu, umesema funguo zilipotea jana usiku na hujui zilipo." Akijibu hata "ndiyo" tu, umemaliza kazi. Na hela usiipokee mkononi hata akikubali kulipa leo, kwa sababu malipo nje ya jukwaa yanakatazwa na yakileta ugomvi hakuna atakayekusikiliza.

Kumdai: mdai silinda na ufundi, basi. Weka risiti, picha ya silinda ya zamani, picha ya mpya ikiwa mlangoni, na ile sentensi ya kanuni za nyumba. Usiongeze "usumbufu wa usiku" wala "nauli yangu". Kila kipengele cha kusukumia kinampa mtu wa kuamua sababu ya kushuku na vile vya kweli. Kwa Airbnb una siku 14 baada ya mgeni kutoka, ombi linakwenda kwake kwanza, ana saa 24 za kujibu, akikataa au akinyamaza ndipo unawaita wao waamue. Wapo wenyeji wanaosubiri dakika za mwisho za zile siku 14 ili mgeni asipate muda wa kulipiza kwenye tathmini. Kwako haina maana, ameshajua unamdai. Peleka risiti zikiwa za moto.

Tathmini yake akiiandika hutaiona mpaka na wewe uandike yako au siku 14 zipite, kwa hiyo msijibizane humo. Yako iandike kwa mwenyeji mwenzako atakayempokea baadaye: walikuja wanne kwa nafasi ya wawili, walipoteza funguo, walitishia tathmini mbaya walipoombwa kulipa. Hakuna "mgeni mbaya kuliko wote", hakuna alama kumi za mshangao. Akikupa hiyo nyota moja, una siku 30 za kuweka jibu la hadharani. Andika mistari mitatu. Anayeisoma ni mgeni wa kesho, na anachotafuta ni kujua kama wewe ni mtu wa kelele.

Hao watu wanne. Hapo sikubaliani na kunyamaza kwako, hata kama walikuwa watulivu. Idadi ikizidi, kuna mtu ndani ya nyumba yako ambaye hukumkubali na hayumo kwenye karatasi yoyote, likitokea la kutokea utamwelezaje? Siku ileile unaandika: "Naona mko wanne, tafadhali ongeza wageni wawili kwenye nafasi yako." Maneno hayo tu. Anayetaka kulipa atalipa, anayetaka kubishana umeshamwekea tarehe. Na usije ukashawishika kuweka kamera sebuleni kuhesabu vichwa. Airbnb wamezipiga marufuku ndani ya nyumba tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata zikiwa zimezimwa, hata ukizitangaza.

Lango: mwambie msimamizi leo. Usisubiri. Kesho asubuhi ukimwambia utakuwa umewaficha majirani kwa usiku mzima, na hao ndio wanaokuvumilia na masanduku yanayoburutwa kwenye ngazi. Yeye ataamua kama ufunguo usio na anwani unatosha kubadilisha lango la jengo zima. Ukimtangulia na habari atakuwa upande wako.

NinalalaPopote:

Mimi ni mgeni kuliko mwenyeji, nasafiri kikazi, kwa hiyo mnivumilie. Huyo jamaa sitamtetea, kutishia watu nyota ni tabia mbovu. Lakini wenyeji nanyi mna lenu. Nimewahi kufika nyumba ambayo kanuni zake zinasema "ukipoteza ufunguo utalipa" bila kusema utalipa nini. Ufunguo? Kitasa? Milango yote ya jengo? Mtu akiambiwa baada ya tukio anaona anaporwa, hata kama hesabu ni halali. ChumbaChaJuu, kanuni yako inasemaje hasa, neno kwa neno?

Na kishikio kidogo ni kidogo kweli. Mimi mwenyewe nikipewa kipande cha ngozi nyeusi kinaishia chini ya begi nyeusi. Kiwe kikubwa, kiwe chekundu, kikere mfukoni.

ChumbaChaJuu:

Inasema "gharama ya kubadilisha funguo au silinda ya mlango italipwa na mgeni kulingana na risiti". Kwa hiyo nadhani nimesimama vizuri, ingawa haitaji lango. Lango nitaliongeza kwa wageni wajao, huyu simbambikii. La rangi nimelikubali, jamani, nyeusi naipenda mimi, mfuko hauijali.

Nimeshamwambia msimamizi. Hakupiga kelele. Kauliza jambo moja, kama kishikio kilikuwa na anwani, kisha kasema tungoje siku chache kabla ya kuwachongea wakazi wote funguo mpya. Nimemwandikia mgeni sentensi ya Bi_Kanuni vilevile ilivyo, akajibu "ndiyo sijui zilipo, na sitalipa". Nimeipiga picha. Meseji ya tishio imeshaenda kwa jukwaa.

ChumbaChaJuu (siku iliyofuata):

Taarifa. Wametoka wakiwa wamechelewa kidogo, nyumba chafu lakini si ya kuita mashahidi. Skrubu ya silinda ilikuwa na kutu, ikagoma, nikaipaka mafuta mepesi nikanywa maji nikarudi, ikakubali. Kipimo changu ni 35 kwa 45, Fundi, na nilikuwa nimeshika mkononi ya 40 kwa 40 dukani kwa sababu jumla ni ileile 80! Ningekuwa na ncha inachungulia nje sasa hivi. Nimenunua mbili kama ulivyosema, zenye kitufe ndani. Ule mlango sasa unafunguka kwa vidole viwili, kwa hiyo ndiyo, jamaa alikuwa sahihi kuhusu ugumu. Hilo nimempa. Mama na mtoto wameingia, wamelala.

Halafu jioni hii, mkae chini. Meseji kutoka kwa mgeni wangu: funguo zimeonekana, zilikuwa ndani ya kiatu cha mmoja wa wale wapita njia, zimesafiri nao. Anasema kwa kuwa zimeonekana hadai tena usiku wake na mimi nisidai silinda, tumalizane. Nifanyeje? Moyo wangu umelainika kidogo.

Fundi_wa_Milango:

Kiatu ni sehemu ya kawaida kabisa. Silinda ya zamani bado stoo, sawa?

Bi_Kanuni:

Usilainike kwenye hesabu. Ulipobadilisha funguo hazikuwepo, na yeye mwenyewe kaandika hajui zilipo. Gharama ilishaingia. Usiku aliokuwa anaudai hakuwahi kuwa nao, kwa hiyo hajakupa kitu cha kubadilishana. Omba ile silinda moja iliyo mlangoni, ile ya kabatini ni yako. Ukitaka kuonyesha roho nzuri, achilia mbali ufundi, maana umefunga mwenyewe. Mwambie asante kwa kusema. Na kwenye tathmini yako taja kwamba alikuarifu, ni haki yake.

Ila funguo zirudi, kwa sababu ya lango. Mpe anwani ya posta, ya kazini au ya msimamizi, isiwe ya nyumba yenyewe. Ufunguo na anwani ya mlango wake havikai kwenye bahasha moja. Azibandike kwenye karatasi ngumu zisipenye, na atume kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Zikifika mwambie msimamizi siku hiyohiyo, aamue mwenyewe kama lango linabaki lilivyo.

ChumbaChaJuu:

Nimempa anwani ya ofisi ya msimamizi. Ombi la silinda moja nimelituma, bila ufundi. Kanijibu kwa dole gumba, sijui ndiyo ya kulipa au ya kusoma. Saa 24 zinahesabika.

NinalalaPopote:

Kishikio kipya rangi gani?

ChumbaChaJuu:

Chungwa. Kikubwa kama kiganja, kinatia aibu. Mtoto wa mgeni kashakiomba, nimekataa.